Nairobi–Mombasa kwa gari la umeme: vituo vya kuchajia vya kushuka si vituo vya kupanda

Dereva Mpole (mwanzilishi wa uzi)

Wanajukwaa, salaam.

Maswali kuhusu kwenda Mombasa kutoka Nairobi kwa gari la umeme yamekuwa mengi humu, na jibu linalotolewa mara kwa mara ni kwamba gari likiandikiwa kilomita 420 kwa chaji moja, basi kituo kimoja njiani kinatosha na mtu hana haja ya kusumbuka. Naona jibu hilo linamfaa anayeteremka, tena akiwa na bahati. Barabara hii ina urefu wa takriban kilomita 485, lakini kinachoamua mpango wa kuchaji si urefu peke yake. Nairobi iko karibu mita 1,660 juu ya usawa wa bahari, Mtito Andei karibu mita 730, Voi karibu mita 580, na Mombasa iko baharini penyewe. Anayekwenda pwani anashuka siku nzima bila kuhisi, na anayerudi bara anapanda siku nzima bila kuhisi, kwa sababu mwinuko umetandazwa juu ya kilomita nyingi kiasi kwamba mguu wa dereva haujui. Betri inajua.

Nitatumia mfano wa BYD Atto 3 yenye betri ya kilowati-saa 60 (kilowati-saa moja ni uniti moja ya stima), kwa kuwa ni gari linalouzwa Kenya na vipimo vyake vinajulikana. Gari tupu lina uzito wa kilo 1,750. Tia watu wanne na mizigo yao, nalo linapita tani mbili. Kuinua tani mbili kwa mita 100 kunahitaji takriban kilowati-saa 0.55, na ukiongeza kinachopotea kwenye mota, weka 0.6. Wakati wa kushuka usijihesabie kwamba utarudishiwa chote. Mimi huweka 0.4 kwa kila mita 100. Kwa mwendo usiozidi kilomita 90 kwa saa, kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi, nimeweka matumizi ya kilowati-saa 17 kwa kila kilomita 100 za tambarare. Mwenye gari jingine abadilishe namba, utaratibu ni ule ule.

Tuanze na kushuka. Ukitoka Nairobi na betri iliyojaa, kilomita 240 hadi Mtito Andei zinahitaji kilowati-saa 41, mteremko unakupunguzia karibu 4, kwa hiyo unafika ukiwa na takriban 23, yaani asilimia 38. Kutoka hapo hadi Mombasa ni kilomita 245 hivi, zinazohitaji karibu kilowati-saa 39 baada ya kutoa nafuu ya mteremko. Ukitaka kufika Mombasa ukiwa bado na asilimia 10, lazima uondoke Mtito Andei na asilimia 75, ambayo ni kuongeza kilowati-saa 22 tu. Kwenye chaja ya kasi ya kilowati 50, hizo ni dakika chini ya thelathini; chai na mahamri havijaisha.

Sasa geuza gari. Kutoka Mombasa hadi Mtito Andei unatumia kilowati-saa 42 za umbali na 4 za kupanda, unafika na 14, sawa na asilimia 23. Kipande cha Mtito Andei hadi Nairobi kinakudai 41 za umbali na karibu 6 za kupanda, kwa hiyo ili ufike na akiba ile ile ya asilimia 10 lazima uondoke na asilimia 87. Hizo ni kilowati-saa 38 za kuongeza mahali pale pale ambapo wakati wa kwenda uliongeza 22. Tena sehemu ya mwisho, kuanzia asilimia 80, gari lenyewe hupunguza kasi ya kuchaji ili kulinda betri, kwa hiyo muda hauongezeki kwa uwiano wa namba hizo bali zaidi. Panga saa nzima, na zaidi kidogo ukikuta chaja ya kilowati 30.

Lakini kubwa kuliko muda ni swali la nini kitatokea ukikuta chaja imekufa. Wakati wa kushuka, mwenye kilowati-saa 23 pale Mtito Andei anaweza kuendelea hadi Voi, takriban kilomita 95 mbele, akafika na kama 7. Si raha, lakini anafika. Wakati wa kupanda, mwenye 14 anaitazama Makindu, kilomita 70 hivi mbele na mita 270 juu, na hesabu inamwambia atafika akiwa hana kitu kabisa. Kurudi nyuma kwenda Voi pia hawezi, kwa kuwa ni kilomita 95 ambazo pande zote mbili ni Tsavo, ambako hapana duka wala nyumba ya kuomba soketi, na wenyeji wanaovuka barabara ni tembo.

Ndiyo maana ushauri wangu ni kwamba mpango wa kwenda usigeuzwe tu kuwa mpango wa kurudi. Wakati wa kushuka, Mtito Andei iwe kituo na Voi iwe mbadala. Wakati wa kupanda, simama Voi kwanza, hata kama betri bado inaonyesha zaidi ya nusu, uongeze kilowati-saa 15 au 20, ndipo Mtito Andei iwe kituo cha pili unachokifikia ukiwa na uhuru wa kukipita.

Kuhusu vituo vyenyewe, orodha ninayoweza kuandika leo itakuwa imezeeka kabla uzi huu haujafika ukurasa wa pili. Fungueni PlugShare, ile programu ya ramani ya vituo vya kuchajia, na msitazame alama iliyo kwenye ramani tu, bali maoni ya mtu wa mwisho aliyechaji pale na tarehe yake. Kisha mpige simu siku moja kabla na muulize mambo matatu: plagi ni ya aina gani, chaja inatoa kilowati ngapi, na stima ikipotea kuna jenereta inayoweza kuibeba chaja au inabeba taa za mkahawa tu.

Mkaazi wa Voi

Ndugu Dereva Mpole, nashukuru kwa hesabu, lakini nina pingamizi. Mimi huwaambia wageni wangu wasahau Mtito Andei kabisa na wasimame Voi peke yake, kwenda na kurudi. Voi ni mji wenye hoteli, mafundi na hospitali, na mtu akikwama hatalala barabarani. Aidha, ukifika Voi na betri ikiwa chini, inachaji kwa kasi zaidi kuliko ukifika Mtito Andei ikiwa na asilimia 38. Kwa nini mtu asimame mara mbili wakati mara moja inatosha?

Dereva Mpole

Mkuu, kwa upande wa kushuka unayo haki. Nairobi hadi Voi ni kilomita 330 hivi, zinazokula kilowati-saa 56, toa 4 za mteremko, unafika na asilimia 13 au 14. Hapo unahitaji kilowati-saa 22 zile zile kumalizia safari, na kwa kuwa betri iko chini inazipokea upesi. Sharti lake ni kwamba uwe umeipita Mtito Andei ukijua kwa hakika kwamba chaja ya Voi inafanya kazi, kwa sababu ukiikuta imekufa, asilimia 14 haikufikishi hata Mackinnon Road kwa amani.

Upande wa kupanda haiwezekani kwa gari hili. Voi hadi Nairobi ni kilowati-saa 56 za umbali na zaidi ya 6 za kupanda mita 1,080. Jumla inapita 62, na betri nzima ni 60. Ukijaza mpaka asilimia 100, jambo ambalo litakuchukua muda mrefu sana kwenye asilimia 20 za mwisho, bado utazimikia karibu na Athi River ukiwa unaziona taa za mji. Wengi wa waliokwama upande ule naamini walikwama kwa namna hii: walishuka salama kwa kituo kimoja, wakadhani njia ni ile ile.

Fundi Nyaya

Naomba niingilie kwa jambo la kitaalamu. Mwanzilishi ameweka kilowati-saa 0.4 za kurudishiwa kwa kila mita 100 za kushuka, kana kwamba zote zinapatikana kwa mota kugeuka jenereta. Mteremko wa barabara hii kwa wastani ni mita tatu na nusu hivi kwa kila kilomita. Kwenye mteremko mpole namna hiyo mota haigeuki jenereta. Inavuta tu umeme kidogo kuliko ambavyo ingevuta kwenye tambarare. Kwa hiyo nafuu halisi inakaribia kuwa sawa na gharama ya kupanda, yaani 0.6 kamili.

Pili, mazungumzo yote yamehusu gari lenye plagi ya CCS2 kwa chaja ya kasi. Magari mengi ya umeme yaliyotumika yanayoingia hapa kutoka Japani ni Nissan Leaf, na hayo yanatumia CHAdeMO kwa chaja ya kasi na plagi ya Type 1 kwa chaja ya kawaida. Mwenye Leaf akifika kwenye chaja yenye CCS2 na Type 2 (ya chaja ya kawaida) peke yake atasimama akiitazama. Kebo ya kuunganisha Type 2 na Type 1 haina gharama kubwa na inapaswa kuwa ndani ya buti muda wote; adapta ya kubadilisha CCS2 kuwa CHAdeMO ni kifaa cha elektroniki, kina bei kubwa, na kinafaa kujaribiwa mjini kabla ya kutegemewa porini. Wapo pia wanaoagiza magari ya soko la ndani la China yenye plagi ya GB/T, nao waulize mara mbili kabla ya kutoka nyumbani.

Tatu, betri ya Leaf hizo haina mfumo wa kupoza kwa maji. Ukiendesha kwa kasi katika joto la Voi, ukachaji kwa chaja ya kasi, ukaendesha tena na kuchaji tena, joto la betri linapanda bila pa kwenda, na gari lenyewe litapunguza kasi ya kuchaji mpaka kilowati 20 au chini ya hapo. Kwa Leaf ya kilowati-saa 40, ambayo lazima isimame mara mbili au tatu, kinachosaidia ni kutoka alfajiri, kwenda kilomita 80 kwa saa, na kuchaji kidogo kidogo bila kuvuka asilimia 80.

Dereva Mpole

Fundi, hoja ya mteremko mpole ni sahihi, nami ninaiacha 0.4 kwa makusudi. Wastani wa mita tatu na nusu unaficha kwamba kati ya Salama na Emali barabara inashuka mabonde na kupanda vilima, na kila kilima kinakata ushuru wake hata kwa anayeelekea pwani. Nikikosea upande huu nafika Mombasa na asilimia 13 badala ya 10, na hakuna aliyewahi kulalamikia hilo. Kuhusu Leaf sina la kuongeza.

Binti Changamwe

Kaka zangu, mmezungumza kuhusu milima na plagi, lakini nadhani mmeupita haraka mwendo, ambao ndio dereva anaoutawala mwenyewe. Upinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa kasi. Kutoka kilomita 90 hadi 110 kwa saa, upinzani huo unapanda kwa karibu nusu. Gari linalokula kilowati-saa 17 litakula 20 au zaidi, na hesabu yote ya Mtito Andei inavunjika: kilomita 245 kwa 20 ni kilowati-saa 49, ongeza 4 za kupanda, umefika na 7 badala ya 14. Hayo yote kwa ajili ya kuwahi dakika ambazo utazilipa ukiwa umesimama kwenye chaja. Anayeendesha kwa umeme na akaona chaji inapungua kuliko mpango, dawa ya kwanza si kuzima kiyoyozi na kuwatoa watoto jasho. Kiyoyozi kikishapoza gari kinavuta takriban kilowati moja tu. Dawa ni kushuka kutoka 100 hadi 80 na kukaa nyuma ya basi kwa umbali wa usalama.

Msongamano wa malori pale Mariakani, ambao wenye magari ya petroli wanauogopa, kwetu hauna uzito mkubwa. Gari la umeme likisimama linatumia kiyoyozi na redio basi, na likitambaa linatumia kidogo kuliko likikimbia.

Upepo pia uwe ndani ya hesabu. Miezi ya kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, upepo unatoka kusini-mashariki, yaani kutoka baharini moja kwa moja kufuata barabara. Anayepanda anasukumwa, anayeshuka unampiga usoni, hasa kwenye uwanda ulio wazi kati ya Voi na Mariakani. Nafuu ya mteremko ambayo Fundi ameitetea inaweza kuliwa yote na kusi.

Swali langu sasa: hesabu ya kurudi inaanza na betri iliyojaa pale Mombasa. Imejazwa wapi? Mgeni anayefikia kwa jamaa zake Likoni au Kisauni hana chaja ya ukutani.

Dereva Mpole

Dada, umegusa mahali ambapo mipango mingi huharibika. Soketi ya kawaida ya plagi ya pini tatu, kwa kebo ya dharura inayovuta ampea 10, inatoa karibu kilowati 2.3. Kutoka asilimia 10 hadi 100 ni kilowati-saa 54, na ukiongeza zinazopotea wakati wa kuchaji unakaribia saa 26. Anayefika Ijumaa usiku na kuondoka Jumapili alfajiri anao muda huo, mradi gari lisihame. Anayekusudia kuzunguka Diani na Nyali mchana kutwa hana, naye atafute hoteli yenye chaja ya kilowati 7, ambayo hujaza kwa usiku mmoja.

Fundi Nyaya

Na kwa hisani yenu, msichomeke kebo hiyo kwenye soketi yoyote mnayoionyeshwa. Ampea 10 kwa saa 26 mfululizo si mzigo wa pasi wala birika, ambao huwashwa dakika chache ukapumzika. Nyumba nyingi za pwani zina soketi zilizoliwa na chumvi ndani, na mguso uliolegea huwaka joto mpaka plastiki inayeyuka. Baada ya nusu saa ya kwanza, gusa plagi kwa kiganja. Ikiwa huwezi kukiacha kiganja pale, chomoa, punguza ampea hadi 6 au 8 kwenye gari au kwenye kebo ikiwa inaruhusu, au tafuta soketi nyingine. Kebo ya kurefusha iliyoviringishwa kwenye gurudumu lake ikunjuliwe yote, kwa sababu ikiwa imeviringishwa inapasha joto yenyewe kwa yenyewe. Na mwenye nyumba alipwe stima yake. Kilowati-saa 60 kwenye mita ya tokeni ni kiasi ambacho jamaa atakigundua Jumatatu.

Mzizima

Ndugu zangu wa Kenya, niruhusuni niulize kutoka Dar es Salaam. Nina Leaf ya kilowati-saa 40 na ninatarajia kwenda Dodoma. Kuna nyumba ya wageni Morogoro iliyokubali nilaze gari likiwa limechomekwa. Je, kwa utaratibu wenu huu, inatosha?

Dereva Mpole

Karibu sana, mkuu. Leaf ni nyepesi kuliko gari la mfano, kwa hiyo kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa weka kilowati-saa 15 kwa kilomita 100 na nusu kilowati-saa kwa kila mita 100 za kupanda. Katika betri ya 40, zinazotumika hasa zinakaribia 38 ikiwa bado mpya, na kwa gari lililotumika zitakuwa pungufu. Tazama vijisanduku vya afya ya betri upande wa kulia wa kipimo cha chaji kabla hujaamini namba yoyote.

Dar hadi Morogoro ni kilomita 195 hivi na Morogoro iko karibu mita 500 juu. Kilowati-saa 29 za umbali na 2.5 za kupanda. Unafika na 6, na ukiona hali si nzuri, Chalinze iko katikati. Ukichomeka usiku kwa muda wa saa kumi na mbili kwenye soketi ya kawaida unapata kama 25, kwa hiyo asubuhi una 31. Morogoro hadi Dodoma ni kilomita 260 na Dodoma iko mita 1,120 juu: 39 za umbali, 3 za kupanda, jumla 42. Haifiki, hata ungelala Morogoro siku mbili ukaijaza yote. Lazima upate mahali pa kuchomeka katikati, na mji wa kutazama ni Gairo, nusu ya njia. Mpigie simu mwenye nyumba ya wageni ya huko kabla hujatoka Dar, umweleze wazi kwamba utahitaji soketi kwa saa sita au saba, siyo dakika za kuchaji simu.

Mkaazi wa Voi

Nimeirudia hesabu ya kupanda kwa namba zangu mwenyewe nikapata 61 badala ya 62, kwa hiyo nimekubali kwamba Voi peke yake haimrudishi mtu Nairobi. Lakini bado nasema Voi kwanza na Mtito Andei baadaye, ambalo naona ndilo alilolisema mwanzilishi tangu mwanzo.

Kwa watakaopanda mwisho wa Desemba, wakati kila mtu anarudi bara siku moja, ongezeni jambo hili: chaja moja yenye nyaya mbili mara nyingi hugawa nguvu magari mawili yakichomekwa, na chaja ya kilowati 60 inakuwa 30 na 30. Mkikuta foleni Mtito Andei, waliochajia Voi hadi asilimia 85 wataweza kuipita na kusimama Makindu au Emali. Mimi nitapita kwenye chaja za hapa mjini kila Ijumaa mchana nikiandika humu kama zinafanya kazi na zinatoa kilowati ngapi. Kama kuna mwana jukwaa anayekaa Mtito Andei au Makindu, naomba afanye vivyo hivyo kwa upande wake.